Dalili za Mzimuni

Bamvua linapofika na maji yakapwa mpaka mwamba ukabaki wazi, wanawake wa Kiwengwa hushuka pwani na vijiti vyao vya kuchokolea pweza. Mgeni anayewatazama kutoka mchangani huona watu walioinama, wakienda polepole juu ya matumbawe kama walioangusha kitu wakawa wanakitafuta. Pweza mwenyewe hawamtazamii kumwona. Rangi yake ni rangi ya jiwe alilokaa, na akitaka huigeuza. Macho yao yanatafuta taka zake: maganda ya kaa na chaza yaliyotupwa nje ya tundu, na vijiwe vilivyokusanywa mlangoni. Mnyama anayejua kujificha kiasi hicho hushindwa na jambo moja, kwamba lazima ale, na akishakula lazima atupe maganda. Na vijiwe alivyojizibia ili asionekane ndivyo vinavyotangaza kwamba nyumba ina mwenyewe. Waswahili wamemsema pweza siku nyingi kwa kujipalia makaa. Wanaokwenda mwambani wanajua kwamba kazi hiyo huianza mapema, akiwa bado baharini.

Kiswahili kina neno moja la kulitajia ganda lile la kaa nje ya tundu, nalo ni dalili. Daktari hulitumia kwa homa na macho ya manjano, nahodha kwa wingu linalosimama upande wa kusi, na hakimu kwa kile kinachomwelekeza kwenye hukumu. Limetoka katika Kiarabu, na huko halikuwa na maana ya ushahidi peke yake. Dalili ni kiongozi pia, mtu anayewatangulia wasafiri kuwaonyesha njia. Kwa hiyo lugha yenyewe imekwisha kusema jambo ambalo wasomaji wa hadithi za upelelezi hulisahau: dalili haimalizi safari. Inakuonyesha pa kukanyaga hatua ya pili, na ukikosa kuifuata inabaki kuwa ganda la kaa.

Katika fasihi ya Visiwani, aliyelichukua neno hilo akalijengea hadithi nzima ni Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa Makunduchi, kusini ya Unguja, mwaka 1918, akafariki mwaka 1991. Mwaka 1938, baada ya masomo yake, aliingia Idara ya Afya akawa mkaguzi, yule ambaye mitaani watu humwita bwana afya, na alidumu katika kazi hiyo kiasi cha miaka 10. Kisha akageukia magazeti: alihariri Zanzibari, akafanya kazi katika Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu, na mwaka 1958 akashika uhariri wa Mkulima huko Tanganyika mpaka alipostaafu mwaka 1968. Hadithi yake ya kwanza ndefu, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957/58 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, ikatolewa kitabu mwaka 1960. Ndani yake alizaliwa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni. Jina la mpelelezi huyo ni herufi tatu za mwanzo za majina ya mtunzi mwenyewe.

Wahakiki wengi wamemlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes, na ulinganisho huo haukosi haki. Kiko kipo, rafiki wa kuuliza maswali yupo, na maelezo ya mwisho yanayofungua kila fundo yapo. Lakini ukoo wa watu hao wawili unaingia ndani zaidi ya kiko. Arthur Conan Doyle, aliyemleta Holmes ulimwenguni mwaka 1887, alikuwa daktari, na alisema waziwazi kwamba mfano wa mpelelezi wake aliupata kwa mwalimu wake wa Edinburgh, Joseph Bell, aliyekuwa akimtazama mgonjwa mikono, viatu na mwendo, akamweleza kazi yake na atokako kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Muhammed Said Abdulla hakuwa daktari, ila bwana afya naye huishi kwa dalili. Kazi yake ni kuingia uani mwa watu, kutazama kisima, jiko, mtaro na mapipa ya maji, na kujua kutokana na vitu hivyo ugonjwa utatokea wapi. Mwenye nyumba humwambia maji ni safi. Bwana afya huinama akatazama viluwiluwi. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka 10 hujifunza kuwa maneno ya mwenye nyumba na maji ya mwenye nyumba ni mashahidi wawili tofauti, na kwamba hawakubaliani kila siku. Si ajabu basi kwamba kitabu chake kilichofuata, cha mwaka 1968, kilibeba kisima katika jina lake: Kisima cha Giningi.

Turufu kubwa ya Mzimu wa Watu wa Kale ni mahali palipotokea maiti. Bwana Ali, mtu mwenye mali na ardhi, anakutwa ameuawa mzimuni. Ili kuupima uzito wa jambo hilo, msomaji wa leo asitosheke na maana ya kamusi. Na aende Kiwengwa, kiasi cha kilomita 40 kutoka mjini, auache ufuo na mahoteli yake yaliyoanza kujaa miaka ya 1990, aingie katika msitu wa hifadhi wa Kiwengwa-Pongwe. Hapo ardhi ni ya maweni. Udongo ni haba, jiwe ni jingi, na miti imepenyeza mizizi katika nyufa kutafuta maji. Chini ya mawe hayo kuna mapango yenye nguzo zilizotengenezwa na matone ya maji kwa karne zisizohesabika. Mwanga unaingia kwa juu, mizizi inaning'inia kama kamba za jahazi, na sauti ya mtu humrudia ikiwa si yake. Wenyeji wa vijiji vya karibu wameyajua mapango hayo kuwa mahali pa kutambikia. Ubani, kitambaa, sarafu: vitu vidogo vinavyoachwa na watu wenye haja kubwa.

Mahali kama hapo pana adabu yake. Kisiwani Unguja, hasa Makunduchi alikozaliwa mtunzi, mizimu ilikuwa na wavyale, wazee waliorithi dhamana ya kuitunza na kusema nayo kwa niaba ya mji. Haingiwi ovyo, hapasemwi maneno machafu, hapachukuliwi kitu. Na juu ya yote, hapaulizwi maswali. Jambo likitokea mzimuni, sababu yake inajulikana kabla halijachunguzwa.

Hapo ndipo unapoonekana werevu wa muuaji katika hadithi hii. Anayeitupa maiti njiani anaacha maiti. Anayeiacha mzimuni anaacha maiti pamoja na maelezo yake. Hana haja ya kusema neno. Mji mzima utamsemea. Utasema marehemu aliwaudhi watu wa kale, alikanyaga pasipokanyagwa, au alichukua kisichochukuliwa. Kila anayelisema hilo, kwa nia njema na kwa hofu ya kweli, anakuwa wakili wa muuaji bila kujua na bila kulipwa. Mtu muuaji anatafuta giza la kujifichia, na hapa amepata giza ambalo watu wenyewe wamekataa kuliwashia taa.

Kazi ya kwanza ya Bwana Msa, kabla ya kumtafuta mtu, ni kuvitenga vitu viwili vilivyofungwa pamoja: kitu chenyewe na kisa kinachosimuliwa juu yake. Dalili hukaa katikati ya viwili hivyo, pale visipolingana.

Wasomaji wa pwani hawakuhitaji London kuwafundisha jambo hili. Walilisikia chuoni wakiwa watoto, katika kisa cha Nabii Yusuf. Ndugu zake wanarudi usiku wakilia, wameshika kanzu yenye damu, wakisema mbwamwitu amemla. Wameleta kitu na wameleta kisa. Wafasiri wanasimulia kwamba Nabii Yakub aliitazama kanzu akaiona nzima, haina hata tundu la jino, akastaajabu upole wa mbwamwitu aliyemla mtoto bila kuichana nguo yake. Damu ilikubaliana na kisa, kitambaa kilikataa. Baadaye, katika nyumba ya bwana wa Misri, kanzu nyingine ya Yusuf inatolewa kuwa ushahidi, na safari hii imechanika. Swali likawa moja tu, imechanika mbele au nyuma. Nyuma, basi alikuwa akikimbia, na aliyesema amevamiwa ndiye aliyekuwa akivamia. Kanzu mbili, moja imewafichua waongo kwa kutochanika na nyingine kwa kuchanika. Mwenye kuelewa kwa nini, ameuelewa upelelezi wote, kwa sababu dalili haina maana peke yake. Maana yake inatoka katika kisa inachokikanusha.

Mfano wa kwetu wa mwambani utalieleza jambo hilo kwa wepesi zaidi. Tuseme mtu wa Kiwengwa anadai kwamba usiku wa mauaji aliivusha ngalawa yake juu ya mwamba saa nne, akaenda kuvua mpaka alfajiri. Amesema kwa utulivu, na ngalawa yake ina magamba ya samaki. Aliyetoka mbali ataandika maneno yake na kuridhika. Lakini mtoto wa Kiwengwa atauliza ulikuwa mwezi ngapi. Akiambiwa ulikuwa mwezi 16, atacheka. Siku za bamvua, katika bahari hii, saa nne za usiku maji yamekupwa na mwamba umekauka. Ngalawa hapo haivushwi ila kwa kubebwa. Hakuna kioo cha kukuzia kilichotumika, wala alama ya kidole. Unyayo mchangani usingesaidia, kwa sababu mchanga wa Kiwengwa hufutwa mara mbili kila siku. Kilichomshika mtu yule ni mazoea ya mahali, ambayo yeye mwenyewe anayajua na kwa hofu ameyasahau.

Bwana Msa ni mpelelezi wa namna hiyo. Hana maabara. Silaha zake ni mazungumzo, ukimya, kiko, na ujuzi wa namna watu wa kisiwa wanavyoishi: nani humsalimia nani kwanza, nani huingia kwa mlango wa uani, jambo gani mtumishi hulisema na lipi hulimeza. Akiwa na Najum, mtu wa wasiwasi na pupa kidogo, hujibu swali kwa swali na kumwacha rafiki yake apotee njia mpaka ajionee mwenyewe. Najum ni msomaji aliyeingizwa kitabuni. Anaona kila anachokiona Bwana Msa, wala hakufichwa kitu. Ila anakiona pamoja na kisa chake, na kisa kinamzuia. Baadaye bara ilileta wapelelezi wa aina nyingine. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na katika miaka ya 1970 Elvis Musiba akamtoa Willy Gamba, mtu wa bastola, ndege na maadui wa nchi. Hadithi hizo zina mbio zake na wapenzi wake. Bwana Msa hana mbio. Anakaa, na kukaa kwake ndiko kunakowatia watu wasiwasi.

Mpenzi wa mashairi ataitambua namna hii ya kufikiri, maana ni jamaa ya fumbo. Tangu Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, mpaka Haji Gora Haji wa Tumbatu, mwenye diwani ya Kimbunga ya mwaka 1994 na aliyefariki mwaka 2021, malenga wa pwani wamekuwa wakifunga maana ndani ya picha na kuwaachia wenzao wafungue. Sheria ya fumbo ni ya haki: kila kinachohitajiwa kulifumbua lazima kiwemo ndani ya beti. Malenga anayeficha ufunguo mfukoni mwake hakutunga fumbo, amedanganya. Mtunzi wa hadithi ya upelelezi amefungwa na sheria hiyohiyo. Tofauti ni moja nayo ni kubwa. Malenga huficha akitumaini kwamba atatokea wa kumfumbua; asipotokea, huzuni ni yake. Muuaji huficha akiomba asitokee mtu. Kwa hiyo Bwana Msa analisoma tungo ambalo mtunzi wake hataki lisomwe, na ndiyo maana hata akipatia, hakuna wa kumpigia makofi isipokuwa maiti.

Haya yote yangeweza kuwa mchezo wa akili wa kupitishia mchana wa jua kali, lau kusoma dalili vibaya kusingekuwa kunaua watu wa kweli. Katika miaka ya 1990 na 2000, huko bara, hasa mikoa ya Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee waliuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, na moja katika dalili walizohukumiwa kwazo ilikuwa macho mekundu. Macho yalikuwa mekundu kweli. Hakuna aliyesingizia hilo. Yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, wa miaka 40 na 50 ya kuinamia mafiga na kuwapikia watoto ambao baadhi yao waliwageukia. Kitu kilikuwa wazi mbele ya watu, na kisa kilikuwa tayari kabla yake. Hakutokea mtu wa kuvitenga viwili hivyo, wala wa kuuliza swali dogo ambalo bwana afya yeyote angeliuliza mlangoni: unapikia nini, na moshi unatokea wapi?

Ukikirudia kitabu cha mwaka 1960 baada ya kuyatafakari hayo, utaona jambo ambalo msomaji wa mara ya kwanza, aliye na haraka ya kumjua muuaji, hulipita. Washtakiwa katika kesi ile ni wengi, na wa kwanza wao ni mzimu. Umeshtakiwa siku ileile maiti ilipoonekana, umehukumiwa bila kusikilizwa, na hauna kinywa cha kujitetea. Wako wanaokisoma kitabu hiki kama kejeli ya mtu aliyesoma dhidi ya imani za mababu, na kweli mtunzi alikuwa mtu wa hoja asiyependa kutishwa na giza. Lakini Bwana Msa haendi mzimuni kuuvunja. Anauondolea hatia isiyokuwa yake. Aliyeua ana jina, ana mikono, na ana jambo alilolitaka duniani. Watu wa kale hawakutaka kitu. Mzee wa kutambika na kijana wa skuli, hata wakiwa hawakubaliani juu ya nani anakaa ndani ya pango, wote wawili wana haki ya kukasirika kwa kuwa mtu amelitumia pango kufichia damu.

Mtunzi hakumfanya mpelelezi wake malaika. Hadithi aliyoitoa mwaka 1984 aliiita Kosa la Bwana Msa, na jina hilo peke yake linatosha kuwaonya wale wanaodhani kwamba mwenye kusoma dalili hakosei. Anakosea. Ganda la kaa nje ya tundu mara nyingine ni la pweza wa juzi aliyekwisha kuhama, au lililoletwa na mawimbi. Mwanamke wa Kiwengwa anajua hivyo, kwa hiyo hulitazama ganda kama ni bichi au limekauka, hutazama kama vijiwe vimesogezwa, hupitisha kijiti taratibu akisikiliza kwa mkono kama ndani kuna kitu kinachokivuta. Dalili moja humpeleka kwenye ya pili, na ya pili kwenye ya tatu. Anayechoma kwa nguvu kwa dalili ya kwanza huvunja kijiti chake juu ya jiwe.

Siku hizi wageni huongozwa kuyaona mapango ya Kiwengwa kwa tochi, wakaelezwa juu ya popo, nguzo za mawe na miaka iliyozijenga. Kijana wa hapo aliyekisoma Mzimu wa Watu wa Kale anaweza kuingia nao na asiogope, na bado akavua viatu akifika palipo na kitambaa na ubani. Mambo hayo mawili hayagombani. Akiambiwa siku moja kwamba kuna mtu amedhurika humo na kwamba ni kazi ya wenyewe wa pango, heshima ile ile iliyomvua viatu inamtaka aulize: nani alimwona mara ya mwisho, walikuwa wakigombania nini, na usiku ule maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa.